Mtoto anataka kusoma filamu: Shahada itamsaidia au itamchelewesha?

Dar es Salaam. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huingia kwenye kikao. Baba anataka sheria. Mama anataka ualimu au uuguzi. Shangazi anapiga simu kupendekeza uhasibu. Kisha mtoto mwenyewe anasema anataka kusoma filamu.

Mara nyingi kikao huishia hapo, au hugeuka ugomvi. Mzazi anamwona mwanawe akizunguka mjini na kamera shingoni bila mshahara. Mtoto anamwona mzazi kama mtu ambaye dunia imemwacha. Wanabishana kuhusu sanaa, wakati swali lililo mezani ni la fedha na miaka: je, shahada ya filamu inamsaidia kijana kuanza kazi ya filamu, au ada hiyo na miaka hiyo mitatu vingemfaa zaidi kwingine?

Jibu linategemea mambo mawili ambayo familia inaweza kuyachunguza kabla ya kulipa hata shilingi moja. La kwanza ni kazi gani ndani ya filamu mtoto anaitaka. La pili ni kama tayari ameanza kuifanya.

Shahada humsaidia sana aliyeanza. Asiyeanza inaweza kumwacha alipo, akiwa na joho na deni.

Kwenye seti hawaulizi cheti

Kazi nyingi za filamu hazitangazwi gazetini. Mtayarishaji anapata fedha za tamthilia au tangazo, anamtafuta mwongozaji, mwongozaji anamwita mpigapicha anayemwamini, mpigapicha naye anakuja na mtu wake wa taa. Kijana mpya huingia kwa sababu kuna aliyemwona akifanya kazi akasema, "Huyu anafika kwa wakati na hachoki."

Katika mlolongo huo hakuna anayeomba kuona cheti. Wanachoomba ni kazi zilizopita. Kijana anatuma kiungo cha video mbili au tatu, na dakika chache za kwanza zinatosha kumwonyesha mwenye uzoefu kama sauti imerekodiwa vizuri, taa imepangwa na hadithi inaeleweka.

Kwa hiyo mzazi anayetarajia kuwa shahada itampatia mwanawe barua ya ajira, kama ilivyozoeleka kwa mhandisi au daktari, anajiandalia masikitiko. Lakini anayehitimisha kuwa chuo hakina faida naye anakosea, kwa sababu zile video mbili au tatu lazima zitengenezwe mahali fulani, kwa vifaa vya mtu fulani, pamoja na wenzake fulani.

Waliofika walipita njia tofauti

Steven Kanumba, aliyefariki dunia Aprili 2012 akiwa na miaka 28, hakuanzia kwenye shahada ya filamu. Alikulia kisanaa ndani ya Kaole Sanaa Group, kundi lililojulikana kwa tamthilia zake za ITV. Kikundi ndicho kilichokuwa darasa: mazoezi, kukosolewa na wakubwa, kuonekana kwenye televisheni, kisha filamu.

Amil Shivji alipita njia nyingine. Alisoma utengenezaji wa filamu Chuo Kikuu cha York, Canada, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Filamu yake, Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021.

Nchini Kenya, Wanuri Kahiu alianza na shahada ya mambo ya menejimenti Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Filamu aliisomea baadaye, ngazi ya uzamili, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2018 filamu yake ya Rafiki ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa.

Lupita Nyong'o alichanganya vyote. Alisoma filamu na sanaa za maonyesho Hampshire College, Marekani, na kabla ya kuhitimu alishafanya kazi za chini kwenye utayarishaji wa The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya. Akatengeneza makala ya video, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ndipo akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale. Alihitimu 2012, na 2014 akapokea tuzo ya Oscar.

Christopher Nolan hakusoma filamu kabisa. Alisoma fasihi ya Kiingereza University College London, akatumia vifaa vya klabu ya filamu ya wanafunzi. Filamu yake ndefu ya kwanza, Following ya mwaka 1998, ilipigwa siku za Jumamosi kwa takriban mwaka mzima, kwa sababu waigizaji na mafundi walikuwa na ajira zao siku nyingine za wiki.

Steven Spielberg aliacha chuo akiwa kijana, akarudi kuikamilisha shahada yake mwaka 2002, wakati tayari alikuwa na tuzo za Oscar nyumbani.

Wapo pia waliopita kwenye mafunzo mafupi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilitokana na mradi wa One Fine Day Films, ambako Waafrika wenye uzoefu kiasi walipewa walimu wa kimataifa, kisha wakatengeneza filamu halisi chini ya uangalizi. Kenya iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Kampala kuna Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair, ambayo imefundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda bila kuwapa shahada.

Usihesabu walioshinda peke yao

Mifano hiyo ina mtego. Mtoto atamtaja Kanumba au Nolan kuthibitisha kuwa chuo hakihitajiki. Mzazi anayependa elimu atawataja Shivji na Kahiu. Wote wamewahesabu waliofika tu.

Kwa kila jina linalojulikana wapo wengi waliopita njia hiyohiyo wasifike: wahitimu wanaouza vifaa vya simu, na vijana walioacha shule kufuata kamera ambao leo hawana kamera wala shule. Hao hawahojiwi na mtu.

Linalofaa kuangaliwa kwa walioshinda ni wanachofanana. Wote walikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi kwa muda mrefu, watu wa kuwakosoa, na kazi walizozimaliza. Kwa mmoja mahali hapo palikuwa kikundi cha maigizo, kwa mwingine chuo, kwa mwingine klabu ya wanafunzi. Swali la mzazi basi linabadilika: mwanangu atavipata wapi vitu hivyo vitatu, na kwa gharama gani?

Chuo kizuri kinatoa nini

Chuo kizuri kinampa kijana miaka mitatu ya kukosea bila kufukuzwa kazi. Kwenye seti ya biashara, fundi sauti akisahau kuwasha kinasa sauti, siku nzima ya watu 20 imepotea, na huenda asiitwe tena. Chuoni atapata alama ndogo na kurudia.

Kinampa pia wenzake. Anayesoma uhariri leo atakuwa mhariri wa filamu ya mwenzake kesho, na urafiki wa darasani ndio mara nyingi huzaa kampuni ndogo ya kwanza.

Kinamlazimisha kujifunza asichokipenda: bajeti, ratiba, historia ya filamu, mikataba, hakimiliki. Kijana anayejifunza peke yake kwenye YouTube huruka masomo haya kwa sababu hayana mvuto. Halafu siku moja anasaini karatasi inayompa mnunuzi haki zote za filamu yake milele kwa malipo ya mara moja, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kuwa haki hizo zinaweza kugawanywa: za televisheni peke yake, za mtandaoni peke yake, za nje ya nchi peke yake.

Pale cheti kinapohitajika

Ziko kazi ambazo bila cheti mlango haufunguki. Ajira za Serikali huzingatia sifa za kitaaluma, ikiwamo televisheni ya taifa na nafasi za maofisa utamaduni katika halmashauri. Kufundisha chuoni kunahitaji shahada na zaidi. Ufadhili wa masomo ya uzamili nje ya nchi, kwa kawaida, huanza na shahada ya kwanza.

Kijana wa miaka 19 hawazi kuhusu kufundisha. Akifika miaka 40, akiwa na watoto wawili na magoti yanayouma kwa kusimama seti saa 14, huenda akawaza. Kwa maana hiyo shahada ni akiba ya baadaye zaidi kuliko ufunguo wa leo. Akiba si jambo baya, ila mzazi ajue ndicho anachonunua.

Filamu si kazi moja

Kosa linalozigharimu familia nyingi ni kuzungumzia filamu kana kwamba ni kazi moja. Ni kazi zaidi ya kumi, na kila moja ina njia yake.

Anayependa kamera, taa, sauti au uhariri anahitaji mikono yenye uzoefu. Huyu anaweza kufaidika zaidi na cheti au stashahada yenye vitendo vingi, ikifuatiwa na kazi chini ya fundi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha sanaa katika ngazi hizo. Shahada anaweza kuifuata baadaye, akiwa tayari anajilipia.

Anayetaka kuigiza anahitaji sauti, mwili na jukwaa. Sanaa za maonyesho zinaweza kumfaa kuliko filamu.

Anayetaka kuandika anahitaji kusoma sana na kuishi na watu. Shahada ya Kiswahili, fasihi, historia au hata saikolojia inaweza kumpa hadithi ambazo darasa la filamu halitampa.

Anayetaka kuwa mtayarishaji, yaani mtu wa kutafuta fedha na kusimamia mradi, anaweza kusoma biashara au sheria na akawa mtu adimu, kwa sababu tasnia ina wengi wanaotaka kuongoza na wachache wanaojua kuandaa bajeti.

Anayetaka kuongoza ndiye anayefaidika zaidi na shahada ya filamu yenyewe, kwa sharti kwamba chuo kinamruhusu kuongoza filamu na si kuandika insha kuhusu filamu tu.

Mtoto asiyeweza kusema ni ipi kati ya hizo anayoitaka hajafikia hatua ya kuchagua chuo. Anahitaji kwanza kushika kazi.

Maswali ya kukiuliza chuo

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo na programu yenyewe vinatambuliwa: kwa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, kwa cheti na stashahada, Nactvet. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi moja ikiwa haijaidhinishwa.

Kisha nenda chuoni mwenyewe, uulize:

Mwanafunzi mmoja anamaliza filamu ngapi kabla ya kuhitimu, na katika ngapi anakuwa kiongozi?

Kamera, vifaa vya sauti na kompyuta za uhariri ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Omba uvione, uulize mwanafunzi alivishika lini mara ya mwisho.

Walimu wanatengeneza filamu, au waliacha zamani?

Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na nani anamtafutia mwanafunzi nafasi?

Mwisho, omba kuangalia filamu tatu za wahitimu wa karibuni. Hili halihitaji utaalamu. Ukiona husikii wanachosema, picha ni giza na hadithi haieleweki, umeshajibiwa. Ukijikuta umesahau kuwa ni kazi za wanafunzi, pia umeshajibiwa.

Hesabu ya nyumbani

Chukua karatasi. Andika ada, chumba, chakula, nauli na vifaa kwa mwaka, zidisha kwa tatu. Kwa mfano tu, familia inayotumia Sh3 milioni kwa mwaka itakuwa imetumia Sh9 milioni hadi mahafali. Weka takwimu zako halisi.

Sasa jiulize: baada ya mahafali zitabaki shilingi ngapi? Mhitimu wa filamu huhitaji walau mwaka mmoja au miwili ya kujijenga, akilipwa kidogo na kwa vipindi. Familia iliyouza kiwanja kulipa ada mpaka senti ya mwisho humlazimisha mhitimu kukimbilia kazi yoyote mwezi wa kwanza, na shahada inaishia kabatini. Ni afadhali chuo cha bei nafuu, na fedha kidogo zibaki kwa ajili ya kompyuta ya uhariri na nauli za kwenda seti.

Kuhusu mkopo, someni mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika kabla ya kuupangia fedha zake. Bodi ina vipaumbele vya kozi, na si busara kudhani sanaa imo.

Usidharau kazi za pembeni. Harusi, video za muziki, matangazo na makala za mashirika ndizo zinazolipa kodi ya nyumba ya watengeneza filamu wengi. Sekta ya afya nayo hununua kazi hizi. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2012, ilibeba elimu ya VVU na uzazi wa mpango ndani ya hadithi ya mapenzi na familia, na nyuma ya kamera ilihitaji waandishi, mafundi na wahariri.

Mwili, akili na usalama

Kazi ya seti ina saa ndefu, usiku mwingi na milo isiyo na mpangilio. Kijana mwenye kifafa, kisukari au pumu anaweza kuifanya, ila apange usingizi na dawa zake na awaambie anaofanya nao kazi. Aliyekesha akipiga picha asipande bodaboda yake kurudi nyumbani akisinzia. Bora alale hapohapo.

Asiyeajiriwa hana mwajiri wa kumkatia bima ya afya wala kumchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Afundishwe mapema kulipia bima yake mwenyewe na kujiandikisha NSSF kama mchangiaji aliyejiajiri, hata kwa kiasi kidogo.

Hofu ya wazazi wengi, hasa wenye mabinti, ni rushwa ya ngono. Hofu hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa kumfungia mtoto ndani. Mwambie wazi kuwa kudai ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na kwamba anaweza kupiga simu Takukuru namba 113 bila malipo. Mwambie pia jambo ambalo sheria haiwezi kumpa: akikataa nafasi kwa sababu hiyo, nyumbani hakuna atakayemwita mshindwa.

Na huu ugomvi wa nyumbani wenyewe una madhara. Kijana anayesikia kila siku kuwa ndoto yake ni upuuzi hulala vibaya, hujitenga, na wakati mwingine huanza kusoma kozi asiyoitaka kisha akaiacha mwaka wa pili. Fedha inapotea, na mazungumzo ndani ya nyumba yanapotea nayo.

Jaribio la miezi mitatu

Kati ya mtihani wa kidato cha sita na chuo kufunguliwa, huwa kuna nafasi hata kwa aliyepitia JKT. Itumie.

Mpe mtoto kazi moja: atengeneze filamu ya dakika tano, yenye mwanzo na mwisho, kwa simu aliyonayo. Asipewe fedha zaidi ya nauli na chakula cha wenzake. Weka tarehe ya kuionyesha mbele ya familia na majirani wachache.

Simu inatosha. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa Tangerine, filamu ndefu iliyopigwa kwa iPhone 5s na kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Lakini Baker alikuwa amesoma filamu New York University na kufanya kazi miaka mingi kabla ya hapo. Kifaa kilikuwa rahisi, macho na masikio yalikuwa yamefunzwa.

Katika wiki hizo, mzazi atazame bila kuingilia. Je, mtoto aliandika kabla ya kupiga? Rafiki aliyeahidi kuigiza asipotokea, alinuna au alimtafuta mwingine? Aliishia kupiga vipande au alikaa usiku akihariri hadi mwisho? Alipoambiwa sauti haisikiki, alikasirika au alirudia?

Aliyemaliza, hata kama filamu ni mbovu, ana kitu ambacho chuo kinaweza kukikuza. Huyo mkikaa naye wekeaneni masharti ya kupimika: filamu fupi mbili mwaka wa kwanza, mafunzo kwenye utayarishaji halisi mwaka wa pili, na mwaka wa tatu kazi ya kutuma kwenye matamasha kama ZIFF la Zanzibar. Asipotimiza, mnakaa tena.

Ambaye hakumaliza hajahukumiwa. Huenda alipenda kutazama filamu kuliko kuzitengeneza, na hilo amelijua kwa gharama ya nauli, siyo ya miaka mitatu.

Siku ya kuonyesha, kaa mbele, weka simu pembeni, angalia hadi mwisho. Kabla ya kusema imekaaje, muulize ni sehemu gani ya kazi ile angeirudia kesho bila kulipwa. Akijibu haraka, na jibu likawa taa, au kuandika, au kukata vipande usiku wa manane, tayari mnajua ni kozi ipi ya kuanza kuitafuta.